Mstari Aliouacha Kondo

Kondo, mtani wangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Ya kwako naijua. Nilishika koleo mwenyewe pale makaburini Mbagala, na mchanga wa mwisho niliusawazisha kwa kandambili huku wajomba zako wakinifokea kwamba Mnyamwezi hana adabu hata msibani. Kwa hiyo sikuulizi. Nimekaa hapa ofisini, kwenye kiti chako chenye mguu mmoja mfupi. Nina ugomvi na wewe, na sina pa kuupeleka isipokuwa kwenye karatasi.

Kwanza nikupe habari za msiba wako, maana hukuziona. Nilikutania vizuri. Nilivaa miwani yako, nikabana kalamu ya bluu sikioni, nikatembea mbele ya jeneza kwa ule mwendo wako wa kuinama kama mtu aliyedondosha sindano, nikawa nawahesabu waombolezaji na kumuuliza kila mmoja kama yuko juu ya mstari au chini yake. Watu walicheka na machozi yao. Mama yako naye alicheka. Halafu akaniangalia ghafla, akaniambia, "Vua hiyo miwani, baba. Basi." Nikavua. Utani wa msibani nimeufanya tangu ujana wangu, na haukuwahi kunitisha kabla ya hapo.

Uliondoka Alhamisi saa moja asubuhi. Mke wako aliitazama saa ya ukutani wodini kwa sababu muuguzi alimwomba aitazame. Saa moja kamili. Shika hiyo saa, Kondo, maana ndiyo iliyotuzungusha wote.

Kazi yetu unaijua, lakini acha niiseme, kwa sababu nimegundua niliifanya miaka minne bila kuisikia. Bohari yetu, iliyopakana na zahanati, inatunza chanjo za watoto wa upande huu wote wa Temeke. Kuna friji moja kubwa kwenye korido, na ndani yake themomita. Kila saa ya mchana mtu anafungua, anasoma, anaandika kwenye daftari. Ijumaa tunaziingiza namba kwenye kompyuta, kompyuta inachora chati ya wiki, saa za siku zikipangwa chini kutoka kushoto na joto likipanda juu, printa inaitoa, na Sista Adela, mkuu wetu, anaitia sahihi. Wewe ulisoma nusu ya zile saa, nami nusu. Programu ya kuchora uliiandika wewe peke yako, kwa lugha ya BASIC, kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada.

Chati yako ya kwanza ilikuwa nukta tupu. Sista aliiangalia, akasema nzuri, akaiweka kwenye faili. Ulirudi mezani umenuna. Ukaniambia nukta bila mstari ni umbea, kila mtu anaamini anachotaka. Ukakaa siku mbili unahangaika na amri moja tu, LINE, ile inayotaka kuambiwa mstari uanzie wapi na uishie wapi. Mara ya kwanza mstari ulitokea nje ya chati. Mara ya pili ulipinduka, kwa sababu kioo cha kompyuta kinahesabu kutoka juu kwenda chini, nawe ulikuwa unahesabu kama binadamu. Ulipoupata ulipiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Mstari mmoja kwenye nyuzi mbili, mwingine kwenye nyuzi nane. Chini ya mbili chanjo inaganda, juu ya nane inakufa. Uliiita mistari ya adabu. Ijumaa ile ile Sista alipoangalia akaona nukta tatu zimeruka mstari wa juu, akasimama, akaenda mwenyewe kuukagua mlango wa friji. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Namba zilikuwapo kwenye daftari wiki nzima na hakuna aliyeziona, mpaka ulipochora ule mstari.

Siku ile nilikuonea wivu, nikuambie ukweli. Nilikutukana ukoo mzima ili usijue.

Na ulinifundisha kitu kingine ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Daftari letu lina saa zetu, saa moja, saa mbili, saa tatu. Mashine ina saa zake. "Ongeza sita, mtani," ulikuwa ukisema, "hii mashine haijazaliwa Uzaramoni." Saa moja asubuhi yetu, kwake ni 7. Saa saba mchana, kwake ni 13. Mimi nilikosea mara nyingi, nikakuta chakula cha mchana kimeangukia alfajiri. Wewe hukukosea hata mara moja.

Sasa nisikilize.

Ijumaa ya kwanza baada ya hitma yako ya arobaini, disketi ya ofisi iligoma. Nilijaribu kila njia, ikawa inakwaruza tu ndani. Nikafungua mtoto wa meza yako. Kulikuwa na kichana, dawa ya malaria iliyobaki nusu, na disketi moja iliyoandikwa kwa mkono wako MPYA. Nikaiingiza. Programu ikafunguka, nikaingiza namba za wiki, nikaamuru printa ichapishe.

Unajua printa yetu inavyochapa. Kichwa kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kinarudi, karatasi inapanda kidogo, kinakimbia tena. Safari hii kila kilipopita kiligonga mahali pamoja, karibu na ukingo wa kushoto. Tk. Kinakimbia, kinarudi. Tk. Mama Upendo, mpiga chapa wetu, aliacha kazi yake akageuka. Karatasi ilipotoka tukaona mstari wa tatu, uliosimama wima kutoka chini mpaka juu, umeikata chati penye 7.

Sikuwa nimeuchora mimi. Wiki saba nzima chati zilitoka bila huo mstari.

Nikaufungua msimbo wako, nikashuka polepole. Mstari wa nyuzi mbili, upo. Wa nyuzi nane, upo. Chini yake kulikuwa na amri ya LINE ambayo sijawahi kuiona, na juu yake REM. Unazijua REM zako. Yale maneno ambayo kompyuta ikiyafikia inayaruka, hayafanyi kazi yoyote, yamewekwa asome binadamu tu. Wewe ulizitumia kunitukana. REM MNYAMWEZI USIGUSE HAPA. REM NJAA HAIANDIKI PROGRAMU. Hii haikuwa tusi. Ilisema:

REM SAA 7. MTANI, NAJUA.

Kondo, nilihesabu. Mstari umesimama kwenye 7 ya mashine. Saba ya mashine ni saa moja asubuhi. Saa moja asubuhi ndiyo saa uliyokata roho. Na hii disketi uliiandika siku mbili kabla hujapelekwa hospitali, ile siku uliyokuja umevaa sweta kwenye joto la Februari, ukakaa mbele ya mashine unatetemeka, ukakataa kwenda nyumbani. Nilikusimamia ukaniambia, "Nenda kale, mtani, usije ukakonda." Nikaenda.

Mama Upendo alisoma kwenye kioo akichungulia juu ya bega langu. Alisema, "Jamani huyu kaka aliijua saa yake. Mie hilo likaratasi siligusi." Na kweli hakuligusa tena. Kuanzia siku hiyo chati nilizibeba mwenyewe kumpelekea Sista, na Sista, ambaye anasali asubuhi na jioni, alizitia sahihi bila kuuliza ule mstari ni wa nini. Nadhani aliogopa kujibiwa.

Nilijaribu kuufuta. Niliandika namba ya ile amri kwenye msimbo na kuiacha tupu, ndivyo ulivyonifundisha, mstari ukatoweka. Kabla sijahifadhi umeme ukakatika. Umeme uliporudi na nilipofungua disketi upya, mstari ulikuwapo. Najua ni kwa nini, si mjinga, kisichohifadhiwa hakikai. Lakini sikuthubutu kuufuta mara ya pili.

Badala yake nikaanza kuja kazini alfajiri. Kila siku kabla ya saa moja nilikuwa nimesimama mbele ya friji kwenye korido, peke yangu, na ufunguo wa akiba. Nilisubiri nione kitu ulichotaka nikione. Saa moja ikifika nafungua, nasoma. Nyuzi nne. Kesho yake, nyuzi nne. Friji inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Siku moja nilikuuliza kwa sauti, "Unajua nini?" Sauti yangu ilinirudia kutoka ukutani kwa kuwa korido ile ni tupu. Nikatoka nje nikakaa juani mpaka watu walipofika.

Wiki tatu niliishi hivyo. Nilikonda, mtani. Mwishowe nikaikunja chati moja nikaenda nayo Yombo, kwa mke wako, nimuulize kama uliwahi kumwambia kwamba unaijua siku yako.

Shemeji alikuwa uani anamwogesha Zena kwenye beseni. Zena ana meno mawili sasa, ya chini. Anapiga maji kwa kiganja halafu anashangaa yanapomrukia usoni. Nilimwonyesha shemeji ile karatasi, nikamsomea maneno yako, nikamwambia tunavyofikiri sisi wa ofisini. Alinitazama kama mtu aliyechoka kubembelezwa na wageni.

"Saa saba?" akasema. "Saa saba si mchana, shemeji? Mume wangu amekufa saa moja."

Nikaanza kumweleza habari za mashine, kwamba tunaongeza sita. Akanikatiza. Alikuwa anacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba. "Saa saba ni saa yako ya wali maharage. Alikuwaga akifika nyumbani ananiambia, leo tena saa saba mtani wangu yuko kwa mama ntilie, friji inajisomea yenyewe."

Hakuwa ananishitaki. Alikuwa anakumbuka tu utani wako. Akamtoa mtoto majini, akamfunga khanga, akaniambia kadi ya kliniki inasema Jumatano ni chanjo ya surua, ametimiza miezi tisa, nisiache kuwaandalia iliyo nzuri.

Nilitembea kutoka Yombo mpaka Tandika bila kujua ninapita njia gani.

Sikiliza Kondo, kwa kuwa wewe unajua, lakini sijawahi kukutamkia. Usomaji wa saa saba ulikuwa wangu. Miaka miwili, labda na zaidi, sikuusoma. Saa sita na nusu nilikuwa nimeshaketi kwenye benchi la mama ntilie nje ya geti, narudi saa nane nimeshiba, naandika kwenye daftari nyuzi tano. Tano, tano, nne, tano. Ile nne niliitia ili ipendeze. Nilijiambia friji haibadiliki kwa muda wa saa moja tu, na kama ingebadilika ingeonekana. Ungeona wewe.

Na uliona. Baada ya kutoka Yombo niliitoa ile mikanda yote ya chati za zamani nikaitandika sakafuni, na nikaona ulichokiona. Saa sita nyuzi tano. Saa saba nyuzi tano. Saa nane, usomaji wako, nyuzi saba, na mara nyingine nane kasoro. Kila siku ya kazi. Jumamosi, tukifunga mapema, hakuna. Joto haliruki kutoka tano mpaka saba bila kupita mahali. Ulichora ule mstari mahali pa uongo wangu, ukaandika NAJUA, na kwa sababu ulikuwa na homa kali uliisahau sheria yako mwenyewe. Hukuongeza sita. Mara moja tu katika maisha yako ukaandika saa saba kama tunavyoisema nyumbani, na mstari ukaenda kusimama kwenye saa ya kifo chako, ambayo ilikuwa bado siku tatu mbele.

Naweza kueleza homa. Siwezi kueleza kwa nini ulikosea kwenye saa hiyo na si nyingine. Nimeacha kujaribu.

Lakini hili naweza kulisema: neno SAA 7 lilikuwa pale limeandikwa kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la pili angelisoma saa saba. Mimi nilisoma saa moja. Nilichagua kuogopa maiti kuliko kujiogopa mwenyewe.

Jumanne sikwenda kula. Saa sita na nusu nilisimama koridoni. Mama Upendo akatokea na sufuria yake chini ya kwapa na jiko dogo la umeme mkononi, akaniona, akasalimia, akainama, akachomoa waya wa friji ukutani, akachomeka jiko. Hivyo tu. Korido ile ina tundu moja la umeme linalofanya kazi. Nilimuuliza tangu lini. "Tangu jiko langu la mafuta liharibike," akasema. "Kwani si narudisha? Mbona kila siku, na hakuna aliyesema?" Hakujua, Kondo. Hakuna aliyemwambia friji ile inabeba nini zaidi ya barafu. Niliyekuwa na kazi ya kusimama pale nione ni mimi.

Sikumzuia. Mungu anisamehe, nilitaka kujua. Nilisoma kila baada ya dakika tano. Tano na nusu. Saba. Wauguzi wa zahanati wakaja kuchukua chupa zao, mlango ukafunguliwa mara mbili. Tisa. Kumi na moja. Aliporudisha waya, saa saba kamili, themomita ilisimama kwenye kumi na mbili.

Nikakaa kwenye mashine yako. Niliandika namba za siku ile zilivyokuwa, ya kwangu ikiwa ya kweli kwa mara ya kwanza. Nikaenda kwenye ile LINE yako, nikafuta 7, nikaandika 13. Nikahifadhi. Nikasubiri kioo kiniambie kimehifadhi ndipo nikachapisha. Mstari ulitoka katikati ya chati, na nukta moja juu yake kabisa, mbali na nyuzi nane, peke yake. Hata asiyejua kusoma angeiona.

Unajua mwaka huu wanapunguza watu. Orodha ya kwanza ilishatoka makao makuu, ya pili inakuja. Nina watoto watatu. Nilikaa na ile karatasi mapajani muda mrefu, na nitakuambia mawazo yangu yote bila kuficha. Niliwaza niirekebishe saa saba kuanzia kesho, nimnong'oneze Mama Upendo, na zilizopita zipite. Nani angejua? Aliyejua amekufa. Halafu nikawaza kesho ni Jumatano, na chupa atakayodungwa nayo mwanao imo humo ndani, imechemshwa mchana baada ya mchana pamoja na maharage ya watu.

Sista Adela aliiangalia chati. Akaweka kidole kwenye ile nukta. "Na daftari linasemaje?"

"Linasema tano, Sista."

"Kwa nini linasema tano?"

"Nilikuwa natunga."

"Unatunga?"

"Natunga, Sista. Miaka miwili."

Akaniambia nikae chini. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Aliuliza siku, aliuliza chupa, aliandika. Kisha akaenda kwenye friji akaanza kutoa, mimi nikishika ndoo. Chupa ndogo zile zinalia zikigongana. Tulitoa zote.

Jumatano benchi la zahanati lilijaa kina mama na watoto wamevalishwa vizuri, kama kawaida ya siku ya kliniki. Sista aliniambia niwatangazie mimi. Nikasimama nikasema leo hakuna chanjo, imeharibika, rudini baada ya wiki tatu. Waliguna, wakainuka. Mmoja alitoka Mbagala Kizuiani kwa miguu. Mke wako alibaki ameketi.

Nilimwambia palepale. Sikumficha lolote. Alinisikiliza huku akimpapasa Zena mgongoni, na nilipomaliza aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Kondo alijua?"

"Alijua, shemeji."

"Akanyamaza?"

Nikakutetea, mtani. Nilisema hukunyamaza, uliandika. Nilisema ungetoa taarifa ningefukuzwa, na ulinionea huruma. Nilisema uliniandikia mahali ambapo mimi tu ningesoma.

"Mahali ambapo hapasomwi," akasema. Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Na huo ndio ugomvi wangu, Kondo. Ulianza aliposhika njia ya getini na haujaondoka. Sisi tulitaniana kila siku. Uliniita mla panya, nilikuita mvivu wa ngoma, tulitukaniana mama na bibi, na watu wakashangaa tunavyopendana. Matusi yote tuliyamaliza isipokuwa lile moja la kweli. Kwa nini hukunishika kola? Ungeniambia mbele ya Mama Upendo, "Wewe Mnyamwezi mwongo, nenda kasome friji." Ningekuchukia wiki moja. Umechora mistari mpaka Sista akainuka kwenye kiti kwa ajili ya mpira wa mlango, na kwa ajili ya rafiki yako ukaandika REM. Nakupenda na nimekasirika, na vyote viwili naviweka hapa.

Kazi sijafukuzwa. Sista aliniandikia barua ya onyo akasema, "Ukiondoka nani atazunguka?" Kwa hiyo nazunguka. Nina daftari za zahanati na majina ya watoto waliochanjwa miaka ile miwili, na kila alasiri naingia mtaa, nagonga, nasema mtoto fulani arudi achanjwe tena. Wengine wamehama. Wengine mama zao wananipima kwa macho tu na kufunga mlango. Pale Tandika nawatazama watoto wakicheza mpira wa makaratasi barabarani, na sijui ni yupi amekingwa na yupi hana kitu mwilini ila maji. Wanafanana wote. Mmoja akikohoa nasimama.

Ule mstari wa 7 haupo tena, nimehakikisha kwenye disketi zote. Lakini Ijumaa printa ikichapa, kichwa kinapokimbia karibu na ukingo wa kushoto, mimi nasikia. Tk. Nimeweka kidole pale kwenye karatasi. Ni nyeupe. Mama Upendo anasema hasikii kitu, na ananiangalia kwa huruma. Kama ni wewe, basi umeshasikika. Pumzika.

Chanjo mpya zilifika. Zena alichomwa Jumatano iliyopita, nilimshika mimi kwa sababu mikono ya shemeji ilikuwa imejaa vitu. Alilia, akaning'ata bega kwa yale meno mawili. Shemeji alimchukua bila kuniambia kitu, na sikumdai neno.

Ninakuaga sasa, na ninakuahidi. Siku Zena atakapokuwa na akili ya kuelewa, nitakaa naye chini nimweleze mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Nitamfungulia daftari aone mwandiko wangu, tano, tano, nne, tano. Halafu nitamfungulia na disketi yako, aone baba yake alijua nini na alikiandika wapi. Usinikasirikie. Nenda salama, mtani wangu. Mimi sitajificha, na wewe sitakuficha.

Maganga